Mathayo 24: kabla hujauza korosho kwa kangomba kwa sababu ya mahubiri, soma sura nzima

Msomaji wa Chikongola (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wa Mtwara, wa Lindi na mlioko mbali, karibuni.

Kuna mahubiri yanazunguka huku kwetu tangu wakati wa kupalilia, na muundo wake hauna tofauti iwe ni uwanjani, redioni au kwenye klipu za simu. Mhubiri anasoma Mathayo 24:7, taifa kuondoka kupigana na taifa, njaa na matetemeko. Anataja vita ya Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, anataja kimbunga Hidaya, kisha anarukia mstari wa 34: "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie." Baada ya hapo zinaletwa hesabu. Israeli kuwa taifa tena 1948, jumlisha kizazi kimoja, toa miaka saba ya dhiki kuu, na jibu ni karibuni sana. Ukimuuliza kizazi kimoja ni miaka mingapi, inategemea mwaka anaohubiri.

Watu wanacheka, lakini wengine hawacheki. Kuna mashamba hayajapaliliwa, na kuna watu wameshachukua hela ya kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kabla ya mnada, kwa bei ya kutupa kwa sababu "tutavuna ya nini". Ndiyo maana nimeona niandike sasa, kabla sulfa, dawa ya mikorosho, haijaanza kupuliziwa.

Mimi si mchungaji wala katekista. Ninachosema ni kimoja: ile sura ina mambo mawili ndani yake. La kwanza lina dalili na lina agizo la kukimbia. La pili halina dalili, lina agizo la kukesha. Wahubiri wa hesabu wanachomoa dalili za la kwanza na kuzibandika kwenye la pili.

Anzeni mstari wa kwanza, usiokuwa na mteja. Yesu anatoka hekaluni, wanafunzi wanamwonyesha majengo, yeye anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Hekalu lenyewe lilikuwa bado linajengwa na kupanuliwa tangu Herode Mkuu, na lilikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya ulimwengu wa Warumi. Kwa hiyo swali la wanafunzi linahusu hekalu. Kwa Marko 13:4 wanauliza hilo tu: mambo hayo yatakuwa lini, na dalili yake ni nini. Mathayo ndiye anayeongeza sehemu ya pili, "dalili ya kuja kwako, na ya mwisho wa dunia". Wao walidhani ni tukio moja. Kama hekalu linaanguka, dunia itabaki na nini?

Sasa someni mstari wa 15 mpaka wa 20 kama mtu ambaye hajawahi kusikia mahubiri. "Walio katika Uyahudi na wakimbilie milimani." Uyahudi, si Newala. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu. Ole wao wenye mimba na wanaonyonyesha. Ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato. Jamani, kama hapa linazungumzwa jua kuzimika na dunia yote kufungwa, baridi inahusu nini? Utakimbilia mlima gani? Hii ni tahadhari ya vita iliyotolewa kwa watu wa mkoa mmoja, na kila kipengele kina mantiki yake. Nyumba zao zilikuwa na dari bapa na ngazi ya nje, unashuka moja kwa moja mpaka barabarani bila kuingia ndani. Baridi ya kule ndiyo majira ya mvua, mabonde yanajaa maji na Yordani hauvukiki kirahisi. Sisi tuliokaa Lindi Mei 2024, barabara ya Dar ilipokatika upande wa Kilwa, tunaelewa kwa nini mtu aombe asikimbie masika. Sabato malango yanafungwa na hakuna wa kukuuzia hata mkate.

Kisha Luka anamaliza ubishi. Pale Mathayo na Marko wanaposema "chukizo la uharibifu", na kumwambia msomaji afahamu mwenyewe, Luka 21:20 anasema waziwazi: "hapo mtakapoona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi, ndipo jueni ya kwamba uharibifu wake umekaribia." Mahali pale pale, mpangilio ule ule, na agizo lile lile la kukimbilia milimani. Tafsiri hiyo ya chukizo la uharibifu ni ya Luka, sikuibuni mimi.

Na yalitokea. Mwaka 66 Wayahudi waliasi utawala wa Warumi. Gavana wa Siria, Cestius Gallus, akaja na jeshi mpaka Yerusalemu, akauzingira, kisha akarudi nyuma ghafla na kupigwa njiani. Hapo ndipo palikuwa na upenyo wa kukimbia. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya nne, ameandika kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliondoka wakaenda Pella, mji ulio ng'ambo ya Yordani. Kuna wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo, nawaachia. Mwaka 70, karibu na Pasaka, mji ukiwa umejaa mahujaji, Tito, jemadari wa Warumi na mwana wa Kaisari Vespasiano, akauzingira tena. Hekalu likateketea kiangazi kile. Ukienda Rumi leo, kwenye Tao la Tito wamechongwa askari wamebeba kinara cha taa cha hekalu.

Yesu alisema maneno yale karibu mwaka 30. Ongeza miaka 40. Kizazi hakikupita.

Kuhusu "kizazi hiki" ni kipi, fuateni Mathayo huyo huyo. 11:16, kizazi hiki ni kama watoto sokoni. 12:41, watu wa Ninawi watakihukumu kizazi hiki. 23:36, sura moja tu nyuma, "mambo haya yote yatakuja juu ya kizazi hiki," na anaongea na mafarisayo uso kwa uso. Kote huko ni watu wanaomsikiliza. Kwa nini tukifika 24:34 kiwe kizazi cha bibi yangu, au cha mjukuu wangu?

Halafu mstari wa 36 unageuza gari: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Kuanzia hapo dalili zimekwisha. Watu wanakula, wanakunywa, wanaoa. Wawili wako kondeni. Mwizi hapigi hodi. Hakuna vita, hakuna njaa, hakuna tetemeko. Ni siku ya kawaida kabisa! Anayekwambia ameona dalili za siku hiyo, mwulize ameziona mstari wa ngapi.

Nawasikiliza.

Kijana wa Shangani

Siti ya mbele. Nafuatilia na kahawa yangu.

Msabato Nachingwea

Mtoa mada, shikamoo kama umenizidi. Umeandika vizuri, lakini umeruka mstari wa 29 kama paka anavyoruka maji. "Lakini mara, baada ya dhiki ya siku zile, jua litatiwa giza, na mwezi hautatoa mwanga wake, na nyota zitaanguka mbinguni." Je, mwaka 70 nyota zilianguka?

Sisi tumefundishwa kuifuata historia hatua kwa hatua. Tetemeko la Lisbon lilipiga Novemba 1, 1755. Siku ya giza Marekani ya kaskazini mashariki ilikuwa Mei 19, 1780, watu waliwasha taa mchana. Mvua ya vimondo ilikuwa Novemba 13, 1833. Si hadithi hizo, zimeandikwa. Zimefuatana kama zilivyopangwa. Kwa hiyo dalili zipo, na kupanga tarehe ni jambo jingine ambalo hata sisi tunalikataa baada ya yale ya Oktoba 22, 1844, siku ambayo wafuasi wa mhubiri William Miller walimtarajia Kristo arudi na hakurudi. Usituweke kapu moja na wauza hofu.

Pia 24:14. Habari njema itahubiriwa katika ulimwengu wote, "hapo ndipo ule mwisho utakapokuja." Mwaka 70 injili ilikuwa haijafika hata Mikindani.

Msomaji wa Chikongola

Marahaba, au shikamoo, tutajuana. Na samahani kama nimewachanganya na wengine, umenyoosha vizuri kuhusu 1844. William Miller na watu wake walisubiri kwa moyo safi, na mnaosema wazi kwamba haikutokea mnastahili heshima kuliko hawa wa sasa wanaofuta klipu kimyakimya.

Mstari wa 29. Sikuuruka, nilikuwa nauwekea akiba. Fungua Isaya 13:10. Nyota na makundi yake hazitatoa nuru, jua litatiwa giza, mwezi hautaangaza. Inahusu nini? Mstari wa 1 unasema: ufunuo juu ya Babeli. Babeli ikaangukia mikononi mwa Wamedi na Waajemi, na jua likachomoza kesho yake. Ezekieli 32:7-8, Farao wa Misri, lugha hiyo hiyo. Isaya 34:4, Edomu, jeshi lote la mbinguni linafumuliwa. Manabii wakitaka kusema dola inaanguka, mbingu ndizo zinazimika. Petro siku ya Pentekoste, Matendo 2:16, anasema "jambo hili ni lile lililonenwa na nabii Yoeli", na anataja jua kugeuka giza na mwezi kuwa damu. Saa tatu ya asubuhi, jua likiwaka.

Wayahudi waliomsikia Yesu walikua na maneno hayo masikioni. Mshtuko wao haukuwa nyota. Mshtuko ulikuwa kwamba lugha ya Babeli sasa inatumika kwa Yerusalemu.

Kuhusu 1755, 1780 na 1833: matukio ni ya kweli, sina ubishi. Ninachouliza ni kwa nini Mungu aonyeshe dalili ya dunia nzima Ureno na Marekani tu, na mababu zetu wa Kimakonde na Kimwera wasipewe hata tetesi.

24:14 ndiyo ngumu kwangu kuliko zote, nakiri wazi. Paulo Wakolosai 1:23 anasema injili imeshahubiriwa katika viumbe vyote vilivyo chini ya mbingu, maana yake aliiona dunia ya Warumi kama dunia. Jibu hilo linanitosha nusu.

Mwana Nyangao

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Mkatoliki wa huku Lindi vijijini. Naongezea la kwetu, ambako masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Marko 13 tunaisoma Jumapili ya 33 ya mwaka B, Luka 21 Jumapili ya 33 ya mwaka C, na Mathayo 24:37-44 Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka A. Yaani kila mwaka unapoisha na unapoanza, kanisa zima linasoma habari hizi, kisha watu wanarudi nyumbani kupika. Tumezoea. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya kanisa letu, namba 676 inakataa waziwazi mafundisho ya utawala wa miaka elfu hapa duniani kabla ya hukumu.

Lakini nataka kusema la huku. Mnahesabu vita za sasa kana kwamba kusini hatujawahi kuona vita. Masasi ilivamiwa 1882 na Wangoni, wale tuliowaita Magwangwara, watu wa misheni wakachukuliwa mateka. Mwaka 1905, Maji Maji ilipofika, misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa na wenzake njiani upande wa Liwale. Baada ya vita ikaja njaa iliyoua kuliko risasi, Wajerumani walichoma vyakula makusudi. Vita, njaa, wakristo kuuawa: vyote vya Mathayo 24 vilikuwepo kwa miaka miwili, hapa hapa. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema mwisho umefika ni wale. Wazee waliobaki walijenga upya. Ndanda ilianzishwa 1906, moshi haujaisha kutoka.

Mstari wa 6 ninaupenda: "vita na matetesi ya vita, angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Mhubiri anasema vita ni dalili kwamba mwisho umefika. Yesu anasema ukiona vita ujue bado. Sasa tumsikilize nani?

Kijana wa Shangani

Huo mstari wa 6 mbona hawausomagi?

Fundi Redio

Nawasoma nyote mnazunguka. Mimi sisali popote kwa sasa, nitauliza bila aibu. Kama "kizazi hiki" ni watu wa mwaka 30, na mstari wa 30 unasema watamwona Mwana wa Adamu akija juu ya mawingu, na hakuja, basi si alikosea? Albert Schweitzer, Mjerumani aliyekuja kuwa daktari Lambaréné kule Gabon, aliandika hivyo tangu 1906: Yesu alitegemea mwisho uje haraka, haukuja. Angalau yeye alisema bila kupindisha. Nyie mnasema dalili zilitimia mwaka 70 lakini mawingu mnayakwepa.

Msomaji wa Chikongola

Fundi, hilo ndilo swali lenyewe. Wengi wanaanza kupindisha "kizazi" kwa sababu wanaliogopa.

Mawingu yametoka Danieli 7:13. Nenda ukasome yule mfano wa mwanadamu anakwenda wapi. Haji duniani. Anakwenda kwa Mzee wa Siku, yaani Mungu, anakaribishwa, anapewa mamlaka na ufalme. Ni picha ya kutawazwa. Yesu alipoulizwa na Kayafa, Mathayo 26:64, akasema: "Tangu sasa mtamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija juu ya mawingu ya mbinguni." Tangu sasa, na anamwambia kuhani mkuu wa wakati ule. Kuketi na kuja vimetajwa pamoja, mtu hawezi kuketi na kusafiri isipokuwa lugha ni ya enzi. Kwa usomaji huu, hekalu lililomhukumu likianguka na yeye akithibitishwa, ndiyo wameona.

Wapo wasomi wakubwa wanaosoma hivyo na wapo wanaokataa, wanasema mstari wa 30 na 31 ni marejeo yenyewe na tarumbeta yake. Mimi naegemea upande wa kwanza kwa sababu ya "mara baada ya" kwenye 29 na "kizazi hiki" kwenye 34, yanayobana katikati. Schweitzer aliyaona hayo maneno mawili na akayaheshimu. Nampinga kwenye maana ya mawingu tu. Na marejeo ya mwisho siyakani, naamini kama tunavyokiri kila Jumapili, atakuja kuwahukumu walio hai na waliokufa. Nasema yamo kuanzia 36.

Ostadhi wa Mnazi Mmoja

Assalam alaykum ndugu zangu, na kwa wasiokuwa Waislamu, habari za mchana.

Nimeingia kwa sababu nimeona uzi una adabu, na kwa sababu huku kwetu nyumba moja ina Hamisi na Yohana. Mama yangu mkubwa ni wa kanisani. Sisi nasi tunaamini Nabii Isa, amani iwe juu yake, atateremka, na kuna Dajali na dalili ndogo na kubwa za Kiama. Na sisi pia tuna wahesabuji, msidhani ni ugonjwa wenu peke yenu. Yapo makaratasi yanapigwa fotokopi tangu niko mdogo, eti mtunza kaburi la Mtume ameota.

Qurani, sura ya 7 aya ya 187: wanakuuliza Kiama kitakuwa lini, sema ujuzi wake uko kwa Mola wangu tu. Na Jibrili alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu Kiama alijibu kwamba anayeulizwa si mjuzi zaidi kuliko anayeuliza. Huo mstari wenu wa 36 nimeusoma nikatabasamu.

Kuna hadithi katika Musnad ya Imamu Ahmad: Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, basi aupande. Huku kwetu mche wa nini, mnajua wenyewe. Mkorosho unakaa miaka mitatu hivi ndiyo uanze kukupa cha maana. Mtume hakusema uangalie kwanza kama utavuna.

Mwana Nyangao

Ostadhi, hiyo hadithi naibeba. Nitamtajia paroko bila kusema nimeitoa wapi.

Ostadhi wa Mnazi Mmoja

Sema tu. Haki miliki hakuna.

Mama Tandahimba

Nyie mnasoma, mimi yamenikuta. Kaka yangu mdogo ana ekari za mikorosho aliyoachiwa na baba. Alihudhuria mkutano mwezi mzima, wa nani sitaji. Akarudi anasema dhiki inaanza mwaka huu, wenye akili wanauza mapema na kutoa sadaka ya kujikomboa. Akawapa kangomba korosho zikiwa bado maua. Yule mhubiri alipoondoka aliondoka na gari, mbona hakuliuza?

Shule ya watoto itakuwaje msimu wa mnada ukifika, sijui. Tumeshamwita kikao cha ukoo mara mbili anatusomea mtini. "Tawi lake likiisha kuwa laini", mtini ni Israeli, Israeli ilirudi 1948. Hapo tunakosa la kumjibu. Mtoa mada, tusaidie la mtini kwa lugha ya kawaida.

Msomaji wa Chikongola

Pole sana dada. Msaidie hivi.

Mfungulie Luka 21:29 aisome mwenyewe kwa sauti: "Waangalieni mtini na miti mingine yote." Kama mtini ni Israeli, miti mingine yote ni nchi gani? Luka aliandika vile kwa sababu mfano ni wa kilimo tu. Majani yakichipua, kiangazi kiko karibu. Dalili mlizoambiwa, yaani majeshi kuzunguka mji, mkiziona, jueni. Hakuna taifa lililofichwa ndani ya mti.

Hesabu ya 1948 ina historia yake. Mmarekani Hal Lindsey alieneza mwaka 1970 wazo kwamba kizazi ni miaka 40 hivi tangu 1948. Ikatoa 1988. Mwingine, Edgar Whisenant, akataja Septemba 1988 kabisa, na haikutokea, akasogeza 1989. Baadaye wengine wakaamua kuhesabu kutoka 1967, Waisraeli walipouteka mji wa kale wa Yerusalemu. Wengine wakasema kizazi ni miaka 70, kwa Zaburi ya 90, au 80 kwa mwenye nguvu. Harold Camping aliyetumia hesabu za aina yake akataja Mei 21, 2011, mabango yakafika mpaka Afrika. Kila namba ikikwama wanabadilisha urefu wa kizazi, hawabadilishi wazo.

Na hela ya sadaka ya kujikomboa, Luka 21:8. Nawaomba hii muikariri: "wengi watakuja kwa jina langu, wakisema, Mimi ndiye, tena, Majira yamekaribia. Basi msiwafuate hao." Wanaotangaza kwamba majira yamekaribia wamewekwa kwenye orodha ya waongo, na Yesu mwenyewe.

Jambo la mwisho kwake, kama ataweza kulisikia. Yosefo, Myahudi aliyeishuhudia vita ile, anaeleza kwamba hekalu lilipokuwa linaungua, watu wapata 6,000, wanawake na watoto wakiwemo, walikuwa wamejazana kwenye baraza ya nje ya ua. Walikwenda pale kwa sababu siku hiyo nabii mmoja aliwatangazia kwamba Mungu amewaamuru wapande hekaluni wakapokee ishara za wokovu wao. Askari wakaitia moto ile baraza. Hakutoka mtu. Yesu alikuwa amesema kimbieni, nabii akasema njooni. Kanungu kule Uganda Machi 2000, walikoteketea wafuasi wa kundi lililohubiri mwisho wa dunia, na Shakahola Kenya 2023 walikofukuliwa watu zaidi ya 400, ni mambo ya majuzi tu na ni jirani zetu.

Mama Tandahimba

Nimeipiga picha ya skrini. Asante mdogo wangu au kaka, vyovyote. Ila atanirudia na "mmoja atwaliwa, mmoja aachwa". Hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwamba ataachwa.

Msabato Nachingwea

Hapo niachieni mimi, maana sisi hatufundishi unyakuo wa siri.

Dada, rudi mistari miwili nyuma. Yesu anafananisha na siku za Nuhu. Walikuwa wakila na kunywa, "hata Gharika ikaja, ikawachukua wote". Waliochukuliwa na gharika ni akina nani? Wabaya. Aliyebaki ni nani? Nuhu na nyumba yake. Wazo la watakatifu kuchomolewa kimya kimya kabla ya dhiki lilisambazwa na Mwingereza John Nelson Darby karne ya 19, likaingia kwenye maelezo ya pembeni ya Biblia ya Scofield mwaka 1909, na kutoka huko likaletwa Afrika na wamisionari na kanda za video. Tunaamini atakuja na kila jicho litamwona. Mwambie kaka yako kuachwa siyo la kuogopa katika mstari ule.

Msomaji wa Chikongola

Naunga mkono. Wapo wanaosoma kwamba kutwaliwa ni kwenda salama kama wateule wa mstari wa 31, lakini mimi naona Nuhu ana nguvu zaidi kwa kuwa yuko jirani. Na tazama hao wawili wako wapi: kondeni. Wanawake wawili wanasaga. Kisha mstari wa 45, mtumwa mwenye akili ni yule anayewapa watu "chakula kwa saa yake". Bwana anaporudi anamkuta jikoni.

Paulo naye alikuwa na kesi hii hii Thesalonike. Watu walishtushwa na habari kwamba siku ya Bwana imeshafika, na waraka huo huo unakemea waliokuwa wanazurura bila kazi. Akawaandikia, asiyetaka kufanya kazi, asile.

Fundi Redio

Mimi bado na Schweitzer wangu. Ila la Luka 21:8 nimelisikia leo mara ya kwanza, na nimekulia kanisani.

Msabato Nachingwea

Mtoa mada, la 29 hatujakubaliana, na la 15 pia. Chukizo la uharibifu huwezi kulimaliza bila Danieli 9:24-27, majuma sabini. Mathayo mwenyewe anamtaja nabii Danieli kwa jina. Ukisema ni majeshi ya Warumi tu, Antioko Epifane, mfalme wa Siria wa mwaka 167 kabla ya Kristo, unamweka wapi? Yeye ndiye aliyesimamisha chukizo hekaluni kwanza.

Msomaji wa Chikongola

Danieli 9 inataka uzi wake, hapa tutawachosha watu. Ufungue wewe, hoja za majuma sabini unazijua kuliko mimi. Nitakuja na swali moja, nakupa mapema ujiandae: Antioko alikuwa amepita karibu miaka 200 Yesu aliposema "mtakapoliona". Kama neno la Danieli lingeweza kutimia kwa Antioko na kisha tena kwa Tito, ni nini kinachotuzuia kulitimiza mara ya tatu kwa yeyote tunayemchukia? Ukinijibu hilo, la 29 tutalizungumza upya.

Kijana wa Shangani

Uzi ukifunguliwa mnitag. Mama Tandahimba, huko AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, wanasemaje, hela ya kangomba inaweza kurudishwa kabla ya mnada?